Mlangoni ni nani? Jinsi mifumo ya mtandaoni inavyomtambua mtu, kutoka Arua hadi Koboko

Msafiri anayetoka Kaya, Sudan Kusini, na kuingia Uganda kupitia kivuko cha Oraba wilayani Koboko husimama kwanza mbele ya ofisa wa uhamiaji. Ofisa hutazama hati, hulinganisha picha na uso, kisha hugonga muhuri. Kuanzia hapo, mwenye nyumba ya wageni mjini Koboko na askari wa kizuizi kilicho njiani kuelekea Arua hawarudii kazi ya ofisa huyo. Wao hutazama muhuri tu. Huuamini kwa sababu wanajua kwamba anayeugonga ni mtu mmoja, mahali pamoja, kwa utaratibu unaojulikana.

Mifumo ya mtandaoni inayozidi kuingia katika maisha ya watu wa West Nile, ikiwemo ya vyama vya akiba na mikopo, shule, hospitali na serikali, hufuata mantiki hiyohiyo. Kuna mlinzi wa mlangoni, na kuna wahudumu wa ndani. Mlinzi ni seva ya tovuti, yaani kompyuta na programu inayopokea maombi yote yanayotoka nje. Mhudumu wa ndani ni programu ya kazi: ile inayoonyesha salio, inayoandika mkopo au inayotoa matokeo ya mtihani. Usalama wa mfumo mzima unategemea swali moja: je, mhudumu wa ndani anapataje habari kwamba mlinzi amekwisha kumtambua mgeni, na anajuaje kwamba habari hiyo si ya kughushi?

Kwa wataalamu, swali hilo ni la kuandika msimbo. Kwa mwanachama wa kawaida aliyeweka akiba yake katika mfumo asioweza kuuona kwa ndani, ni swali la mali yake, jina lake na siri zake.

Seva inapouliza jina

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mtandao hauna kumbukumbu. Kila ukurasa unaofunguliwa ni ombi jipya, na kwa seva kila ombi ni la mgeni asiyejulikana. Kivinjari kinapoomba ukurasa uliofungwa, seva hurudisha jibu lenye namba 401. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: sijakutambua, jitambulishe. Ndipo kisanduku cha jina na neno la siri hujitokeza mbele ya mtumiaji.

Katika njia kongwe na rahisi zaidi, kivinjari huunganisha jina na neno la siri, huyaandika upya kwa utaratibu uitwao Base64, kisha huyatuma kwa seva. Wengi hudhani kwamba maandishi hayo yasiyosomeka yamefichwa. Hayakufichwa. Yamebadilishwa sura tu, na mtu yeyote anayeyanasa njiani anaweza kuyarudisha yalivyokuwa kwa sekunde moja. Kinachoyalinda ni njia yenyewe kufungwa kwa usimbaji, jambo linaloonekana kwa anwani inayoanza na herufi HTTPS. Bila herufi ya mwisho, ile S, kutuma neno la siri ni sawa na kulitangaza sokoni.

Seva ikishapokea jina na neno la siri, hufungua daftari lake. Daftari hilo linaweza kuwa faili dogo lililo kwenye kompyuta ileile, au hifadhidata, au orodha kuu ya watumishi inayotumiwa na idara nyingi. Ikiyaona maelezo yanalingana, hufungua mlango. Yasipolingana, hurudia namba ileile, 401.

Daftari la siri na historia yake

Mtindo wa kutumia neno la siri kwenye kompyuta ulianza mapema miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, kwenye mfumo wa CTSS ulioongozwa na Fernando Corbató. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, na kila mmoja alihitaji kulinda mafaili yake. Haukupita muda mrefu, udhaifu wa daftari ukajitokeza. Mwaka 1966, kwa kosa la kuchanganya mafaili mawili, orodha nzima ya maneno ya siri ilionyeshwa kwa kila aliyeingia kwenye mfumo, mahali palipokusudiwa tangazo la siku.

Kosa hilo lilionyesha kwamba daftari lenye maneno ya siri yanayosomeka ni hatari hata likifungiwa wapi. Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia iliyotumika katika mfumo wa Unix: badala ya kuhifadhi neno lenyewe, kompyuta huhifadhi alama inayotokana na kulisaga neno hilo kwa hesabu isiyorudishwa nyuma. Unga haurudi kuwa nafaka. Mtumiaji anapoingia, neno alilotaja husagwa tena, na unga wa leo hulinganishwa na unga uliohifadhiwa. Aidha, kila neno huongezewa herufi chache za nasibu, ambazo wataalamu huziita chumvi, ili watu wawili wenye neno moja wasipate alama inayofanana.

Umuhimu wa chumvi hiyo ulidhihirika mwaka 2012, pale alama za maneno ya siri takriban milioni 6.5 za watumiaji wa mtandao wa LinkedIn zilipovuja. Alama hizo zilisagwa bila chumvi, na nyingi zilitambuliwa kwa muda mfupi. Njia bora zilikuwepo tayari. Mojawapo, bcrypt, ilitangazwa mwaka 1999. Kilichokosekana ni kuzitumia.

Programu inapata wapi jina lako?

Tuchukue sasa mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Koboko na tawi Arua. Si chama fulani. Ni mfano tu. Chama kimemwajiri kijana aliyesomea teknolojia ya habari akitengenezee mfumo wa mtandaoni. Kijana huyo ana njia mbili za kufuata.

Njia ya kwanza ni kujenga kila kitu upya: kisanduku chake cha kuingilia, daftari lake la maneno ya siri, hesabu yake ya kuyasaga. Njia hii huvutia, kwani inampa mtengenezaji mamlaka yote. Lakini ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Kila kosa lililofanywa tangu 1966 linamsubiri, na hana wa kumkosoa.

Njia ya pili ni kuiachia seva kazi ya kutambua, na programu ibaki na kazi ya kuuliza. Seva zinazotumika sana duniani, kama Apache, iliyoanza mwaka 1995, zina vipengele vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, na makosa yake yamekuwa yakitafutwa na kurekebishwa na watu wengi kwa miaka mingi. Seva ikishamtambua mtu, huliandika jina lake mahali panapofahamika, na programu hulisoma hapo. Katika programu za PHP, kwa mfano, jina hilo husomwa kutoka kwenye kigezo kiitwacho REMOTE_USER. Katika programu za Java zinazoendeshwa ndani ya seva kama Tomcat, msimbo huiuliza seva moja kwa moja mambo mawili: mtu huyu ni nani, na je, ana cheo fulani?

Tazama kile ambacho programu haikufanya. Haikuuliza neno la siri. Haikuliona. Haikulihifadhi. Hata programu hiyo ikiwa na kasoro, na mhalifu akafanikiwa kuisoma yote, hatakuta humo maneno ya siri ya wanachama. Mwenye nyumba ya wageni Koboko hatunzi pasipoti za wasafiri wote waliovuka Oraba. Ametazama muhuri, imetosha. Hata akivunjiwa duka, pasipoti haziibwi.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usalama huwashauri watengenezaji wa programu kutumia vipengele vya utambuzi vilivyokwisha kupimwa, badala ya kubuni vyao. Ushauri huu unawahusu kwa namna ya pekee vijana wa West Nile. Chuo Kikuu cha Muni kilichopo Arua kimekuwa kikifundisha fani za teknolojia ya habari, na wahitimu wa fani hizo ndio wanaoombwa na shule, makanisa, misikiti na vyama vya jirani kuwatengenezea mifumo.

Njia za panya

Hata hivyo, njia hiyo ya pili ina hatari yake, na kila mkazi wa mpakani ataielewa mara moja. Mpaka wa Uganda na Kongo, na ule wa Uganda na Sudan Kusini, una vivuko rasmi kama Vurra na Oraba. Lakini pia una njia za panya zinazopita mashambani na mitoni. Aliyepita huko hana muhuri. Na kama kuna mtu anayeuza mihuri ya bandia, basi askari wa kizuizini anayetazama muhuri tu amekwisha kudanganywa.

Katika kompyuta, njia ya panya hutokea hivi. Mara nyingi seva ya mlangoni na programu ya ndani huwa ni vitu viwili tofauti, wakati mwingine katika mashine mbili. Seva ikishamtambua mtu, hulituma jina lake kwa programu likiwa limeandikwa juu ya ombi, kama jina la mpokeaji linavyoandikwa juu ya bahasha. Programu husoma bahasha na kuamini. Sasa, endapo programu hiyo imeachwa wazi, ikafikika moja kwa moja kutoka kwenye intaneti bila kupitia kwa mlinzi, mtu yeyote anaweza kuandika bahasha yake mwenyewe. Ataandika juu yake jina la mweka hazina wa chama, na programu itamkaribisha kama mweka hazina. Hakuhitaji neno la siri. Hakuvunja kufuli. Alizunguka nyuma ya nyumba.

Kinga yake ina sehemu mbili, na zote ni za lazima. Kwanza, programu ifungwe isisikilize mtu yeyote isipokuwa seva ya mlangoni. Pili, seva ya mlangoni ifute kila jina ambalo mgeni amekuja nalo likiwa limeandikwa tayari juu ya bahasha, kabla ya kuandika lile ililolithibitisha yenyewe. Ikiwa sehemu ya pili itasahauliwa, mgeni anaweza kupita mlango rasmi huku amebeba muhuri wa kughushi mkononi, na mlinzi akampitisha nao.

Kuna muhuri mwingine unaoibwa kwa urahisi zaidi. Kwa kuwa mtandao hauna kumbukumbu, mifumo mingi humpa mtumiaji kidakuzi mara tu anapotambuliwa. Hicho ni kijikaratasi cha namba ndefu ambacho kivinjari hukionyesha katika kila ombi linalofuata. Anayekipata kijikaratasi hicho huwa kama wewe mpaka muda wake uishe. Mnamo Oktoba 2010, mtaalamu wa Marekani, Eric Butler, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep, iliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa kwenye mtandao wa Wi-Fi wa wazi anaweza kunasa vidakuzi vya wenzake na kuingia katika akaunti zao. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyozisukuma kampuni kubwa kufunga njia zote kwa HTTPS, si ukurasa wa kuingilia pekee.

Kwa mtumiaji wa chumba cha intaneti mjini Arua, au kwa familia inayotumia simu moja watu watano, somo ni hilihili. Kufunga ukurasa si kutoka. Kijikaratasi kimebaki kwenye mashine, na anayeketi baada yako anaweza kukikuta. Kutoka ni kubonyeza kitufe cha kutoka, ili seva yenyewe ikibatilishe kijikaratasi hicho.

Kutambuliwa si kuruhusiwa

Kosa jingine ni kuchanganya mambo mawili yanayofanana: kumtambua mtu na kumruhusu. Seva ina namba tofauti kwa kila moja. Namba 401 husema: sikujui. Namba 403 husema: nakujua vema, lakini hapa huruhusiwi.

Mlinzi wa mlangoni anaweza kufanya kazi yake kikamilifu, akamtambua mwanachama halali wa chama chetu cha mfano, kisha programu ya ndani ikaharibu yote. Mwanachama anafungua ukurasa wa salio lake na kuona kwamba anwani inaishia na namba ya akaunti yake, tuseme 118. Anaifuta na kuandika 119. Programu isipouliza kama akaunti 119 ni mali ya mtu aliyetambuliwa mlangoni, itamwonyesha salio la jirani yake. Hakuna aliyeiba neno la siri la mtu.

Makosa ya aina hii si machache. Shirika la OWASP, ambalo hukusanya taarifa za udhaifu wa tovuti duniani, liliuweka udhibiti mbovu wa ruhusa katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya hatari kumi ya mwaka 2021. Hatari inayohusu utambuzi wenyewe ilikuwa ya saba. Yaani milango mingi ina walinzi. Tatizo kubwa zaidi lipo vyumbani.

Ndiyo maana programu haipaswi kuuliza swali la utambuzi mara moja tu, kwenye ukurasa wa kwanza. Inapaswa kuuliza kila inapogusa kitu cha mtu: nani anaomba, na je, hiki ni chake? Kwa fedha za umma, swali hili ni zito. Chini ya Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2022, kila parishi nchini Uganda ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, zikopeshwe wananchi kupitia vyama vyao vya akiba, na walengwa huandikwa katika mfumo wa kompyuta. Ofisa anapompa mwenzake neno lake la siri kwa sababu ana haraka, au kwa sababu mtandao unapatikana katika ofisi ya mwenzake, kumbukumbu ya mfumo itaandika kwamba yeye ndiye aliyeidhinisha. Siku ya ukaguzi, kompyuta haitajua kwamba alikuwa shambani.

Somo la Oktoba 2020

Mifumo ya leo haina mlango mmoja. Benki huzungumza na kampuni ya simu, kampuni ya simu huzungumza na mtoa huduma wa kati, na kila mmoja humwamini mwenzake kwamba amekwisha kumtambua mteja. Mnyororo huu ndio unaomwezesha mfanyabiashara wa Koboko kuhamisha fedha kutoka benki hadi kwenye simu bila kusafiri hadi Arua.

Tarehe 3 Oktoba 2020, mnyororo huo ulikatika. Benki ya Stanbic Uganda, pamoja na kampuni za MTN na Airtel, zilitoa taarifa ya pamoja zikisema kwamba hitilafu imetokea kwa mtoa huduma wa tatu, na kwamba huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zimesitishwa. Vyombo vya habari vya Uganda viliripoti kwamba wadukuzi walitumia laini za simu zipatazo 2,000 kupokea fedha hizo. Kampuni hizo zilisema salio za wateja hazikuguswa.

Kwa mtu wa kawaida, jambo la kuzingatia ni hili: mteja angeweza kuwa na namba ya siri imara, asiyoimwambia mtu yeyote, na bado huduma anayoitegemea ikasimama kwa siku kadhaa kwa sababu ya kasoro iliyo mbali naye. Mtu hujilinda mlangoni pake, lakini hana uwezo juu ya milango iliyo kati ya benki na kampuni. Ulinzi huo ni wajibu wa wenye mifumo na wa wasimamizi wao.

Madaftari mawili

West Nile ina jambo jingine linaloifanya tofauti na maeneo mengi ya Uganda. Hapa wanaishi mamia ya maelfu ya wakimbizi, hasa kutoka Sudan Kusini, na wengine kutoka Kongo. Wapo katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua ya zamani, Bidibidi wilayani Yumbe, na Lobule wilayani Koboko. Raia wa Uganda wameandikwa katika daftari la mamlaka ya vitambulisho, NIRA, na hupewa namba ya utambulisho wa taifa. Wakimbizi wameandikwa katika daftari jingine, lililo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR.

Mwaka 2018, madai ya udanganyifu katika idadi ya wakimbizi yaliilazimisha serikali na UNHCR kuhakiki upya watu wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa takriban milioni 1.4 ilishuka hadi karibu milioni 1.1. Tangu wakati huo, alama za vidole zimekuwa sehemu ya utaratibu wa kugawa chakula.

Sasa fikiria programu iliyoandikwa ikijua daftari moja tu. Mwaka 2017, Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipoamuru laini zote za simu zihakikiwe kwa kulinganishwa na daftari la NIRA, mkimbizi hakuwa na namba ya kutaja. Hakukataliwa kwa kuwa ni mwongo. Mfumo haukuwa na mahali pa kumwuliza. Wengi walitumia laini zilizoandikwa kwa majina ya wenyeji, na hivyo fedha zao za simu, kisheria, zilikuwa za mtu mwingine. Mwaka 2019 tume hiyo ilifungua njia kwa wakimbizi kuandikisha laini kwa kutumia hati zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu.

Hili pia ni suala la jinsi programu inavyoiuliza seva. Programu iliyoandikwa vizuri haisemi: nipe namba ya kitambulisho cha taifa. Husema: nithibitishie mtu huyu. Nyuma ya swali hilo, seva inaweza kuwa na madaftari mawili au matatu, likiongezwa jingine kesho, bila msimbo wa programu kubadilishwa. Programu iliyoshikamana na daftari moja italazimika kuandikwa upya, na wakati ikisubiri kuandikwa upya, watu wapo nje ya mlango.

Mfumo unapomkataa mwenye haki

Kila kipengele cha utambuzi hukosea kwa namna mbili: humkubali asiye mwenyewe, au humkataa mwenyewe. Watengenezaji huogopa zaidi kosa la kwanza. Maskini huumizwa zaidi na la pili. Vidole vya mzee aliyelima miaka hamsini vimechakaa, na mashine haivisomi. Tarehe ya kuzaliwa ilikosewa siku ya kuandikishwa. Jina liliandikwa kwa herufi za Kiingereza na mtu asiyelijua. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika ya Uganda ya ISER na Unwanted Witness ilieleza jinsi wazee na wanawake walivyokosa huduma za afya na ruzuku ya wazee kwa sababu za kitambulisho.

Kwa hiyo mfumo wa haki huandaa njia ya pili: ofisa mwenye jina na mamlaka, anayeweza kusikiliza, kutazama ushahidi mwingine na kuandika uamuzi wake mahali unapoweza kukaguliwa. Bila njia hiyo, jibu la kompyuta hugeuka kuwa hukumu isiyo na rufaa.

Maswali ya kuuliza

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawataka wote wanaokusanya taarifa za watu wazilinde, na inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 nayo inafanya kuingia katika mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai. Lakini sheria husaidia zaidi pale mwanachama anapouliza mapema, kabla fedha hazijapotea.

Katika mkutano mkuu wa chama chenu, shule yenu au kikundi chenu, maswali haya hayahitaji utaalamu wa kompyuta.

Je, anwani ya mfumo wetu inaanza na HTTPS katika kurasa zote? Je, mtu akisahau neno la siri, huletewa lile la zamani, au hutengenezewa jipya? Akiletewa la zamani, maana yake limehifadhiwa likisomeka, na kuna kasoro kubwa. Je, kila mtumishi ana jina lake la kuingilia, au ofisi nzima inatumia moja? Mtumishi akiacha kazi, jina lake hufutwa siku hiyohiyo? Je, programu ya ndani inafikika bila kupitia mlango mkuu, na nani amewahi kulijaribu hilo kwa idhini yetu? Je, mwanachama akibadilisha namba kwenye anwani, anaona nini? Na asiyesomeka vidole ahudumiwe na nani?

Mtengenezaji mwaminifu atayafurahia maswali hayo, na mengi atayajibu hapohapo. Akishindwa kulijibu moja, chama kimempata mahali pa kuanzia marekebisho, kabla akaunti ya mtu haijafunguliwa kwa muhuri wa kughushi.